Wauguzi 12 wana vyeti vya kanula ya altrasaundi. Yupi yuko tayari?

SWALI: Mimi ni muuguzi msimamizi wa idara ya dharura katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Tumepata mashine ndogo ya altrasaundi, na wauguzi 12 wamepitia mafunzo ya siku mbili ya kuweka kanula, yaani mrija mwembamba wa plastiki unaoingizwa kwenye mshipa wa damu, kwa kuongozwa na picha. Wote wana vyeti na wote wanasema wanajiamini. Sasa uongozi unataka majina ya walio tayari kufanya bila kusimamiwa. Nimepewa fomu ya hatua 20 za kutiki, na kigezo kwamba aliyefaulu kwa wagonjwa watano mfululizo amepita. Je, hii inatosha? Kama haitoshi, nipime nini?

JIBU: Sista, majina hayo usiyapeleke bado. Cheti cha siku mbili kinasema mtu alikuwepo, akasikiliza, akashika probu (kile kipande cha mashine kinachowekwa kwenye ngozi), akadunga mkono wa bandia. Hakisemi atafanya nini saa nane usiku mbele ya mgonjwa wa selimundu ambaye ameshadungwa mara nne na mikono yake imejaa michubuko. Na hilo la kujiamini liweke kando kabisa. Wanaofundisha fani za afya wanajua siku nyingi kwamba alama anazojipa mtu mwenyewe haziendani na kazi ya mikono yake, na mara nyingi aliye dhaifu ndiye hujipa alama zinazozidi uwezo wake kuliko wote.

Tuanze na hao watano mfululizo, kwa sababu ndicho kigezo kinachoonekana kigumu na kumbe ni chepesi. Chukua muuguzi ambaye kwa kweli hufaulu mara 6 kati ya 10. Uwezekano wa kupata watano mfululizo ni kama 8%. Ni mdogo, lakini wewe huna muuguzi mmoja, unao 12. Kama wote wangekuwa wa kiwango hicho, uwezekano kwamba angalau mmoja wao atapita kwa bahati tupu unazidi 60%. Sasa geuza upande wa pili: muuguzi hodari anayefaulu mara 9 kati ya 10 ataangushwa na kigezo hicho hicho mara 4 katika kila 10, kwa sababu kukosa mara moja tu kunamrudisha mwanzo. Kigezo kinachompitisha dhaifu na kumwangusha hodari hakipimi unachotaka kukijua.

Isitoshe, hakuna aliyekuambia hao watano ni akina nani. Ukiacha watu wajichagulie wagonjwa, watachagua vijana wenye mishipa minene inayoonekana kwa macho, mashine ikiwepo kama pambo. Kwa hiyo katika kila jaribio yaandikwe mambo mawili kabla ya kudunga: upana wa vena, yaani mshipa unaorudisha damu kwenye moyo, na kina chake kutoka kwenye ngozi. Mashine yenyewe inapima. Tafiti zinaonyesha kazi huwa rahisi zaidi vena ikiwa na upana wa milimita 4 au zaidi, na kina kati ya milimita 3 na 15. Aliyefaulu kwenye vena ya milimita 6 iliyo juu juu hajapimwa sawa na aliyefaulu kwenye ya milimita 3 iliyozama.

Sasa tuje kwenye ustadi wenyewe, maana hapa ndipo fomu nyingi zinapokosea. Zinauliza kama damu ilirudi kwenye kichumba cha kanula. Damu kurudi ni habari njema kwa mgonjwa, lakini kwa mpimaji ni ushahidi dhaifu sana.

Kwenye picha ya mkato, yaani probu ikiwa imekatisha mshipa, vena huonekana kama duara jeusi na sindano kama nukta nyeupe. Tatizo ni kwamba nukta hiyo inaweza kuwa ncha au inaweza kuwa kiwiliwili cha sindano. Zinafanana. Mwanafunzi anaona nukta ikielea juu ya vena, anasema moyoni “bado sijafika”, anasukuma. Kumbe alichokiona ni kiwiliwili, na ncha imeshapita mbele ya probu, imetoboa ukuta wa juu wa vena na wa chini. Damu itarudi vile vile, kwa sababu sindano ilipita katikati ya mshipa. Kisha mrija wa plastiki unakataa kuingia, au unaingia kwenye nyama, na utasikia ule usemi wetu wa kila siku: “mshipa umepasuka.” Mshipa haukupasuka wenyewe, ulipasuliwa.

Anayejua kazi hufanya hivi. Akishaiona nukta, anasogeza probu mbele kidogo, milimita moja au mbili, mpaka nukta ipotee. Halafu anasimamisha probu na kusukuma sindano polepole mpaka nukta itokee tena. Hiyo iliyotokea ndiyo ncha, haina mjadala. Anarudia: probu, sindano, probu, sindano, mpaka nukta ikae katikati ya duara jeusi. Hapo hasimami. Analaza sindano kidogo, anaendelea na mwendo ule ule ndani ya mshipa kwa takriban sentimita nzima, nukta ikibaki katikati, ndipo anasukuma mrija.

Kwa hiyo wewe mpimaji, damu inapotokea kwenye kichumba usitazame damu. Tazama mkono ulioshika probu. Aliyefundishwa nusu nusu huweka probu chini mara tu anapoona nyekundu, kisha anasukuma mrija kwa matumaini. Aliyeiva anabaki na macho kwenye skrini, damu ameiona lakini haijamkurupusha.

Na liko swali moja ambalo ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kuweka kwenye fomu, ningechagua hilo. Wakati sindano iko ndani ya kifaa cha mazoezi, sema: “Simama hapo. Ncha iko wapi?” Anyooshe kidole kwenye skrini, kisha athibitishe kwa kusogeza probu mbele: nukta ikipotea papo hapo, alikuwa sahihi, ikiendelea kuonekana, alikuwa anaangalia kiwiliwili. Uliza mara mbili katika jaribio moja, mara ya kwanza kabla ya kuingia kwenye vena na mara ya pili akiwa ndani. Sekunde chache tu, na zitakuonyesha tofauti ambayo tiki 20 haziioni.

Hizo tiki nazo si za kutupa, zina kazi yake. Kasoro yao ni kwamba kila hatua ina uzito mmoja. Kujitambulisha kwa mgonjwa tiki moja, kutofautisha ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) na vena tiki moja. Mtu anaweza kudunga ateri na bado akaondoka na 19 kati ya 20, yaani 95%, na fomu ikasema amefaulu kwa kiwango cha juu. Toa hatua chache kwenye orodha uzifanye za lazima, zile ambazo akikosa moja jaribio limeisha hata kama mengine yote yako safi. Mimi huweka hizi: kubonyeza mishipa kwa probu kabla ya kudunga, maana vena hulala ikibonyezwa na ateri hudunda bila kulala, kuitambua ateri na neva iliyo jirani, hasa akiwa juu ya kiwiko ambako vena za brakiali zimebanana na ateri na neva ya mediani, kuacha mara moja mgonjwa akisema anahisi shoti ya umeme ikishuka mpaka vidoleni, usafi wa ngozi, probu na jeli, na kuthibitisha kwamba mrija uko ndani kabla ya kufungulia dawa.

Kuhusu jeli niseme kidogo, kwa sababu ndiyo hatua inayodharauliwa zaidi. Katika wodi nyingi jeli humiminwa kutoka kwenye dumu la lita 5 na kuingizwa kwenye kichupa kile kile mwaka mzima. Kwa picha ya tumbo, jeli isiyo tasa hutumika. Kwa kazi ambayo sindano inapita kwenye ngozi hiyo hiyo, hapana. Mwaka 2021 mamlaka za afya za Marekani zilitoa onyo baada ya wagonjwa kupata maambukizi ya bakteria wa Burkholderia waliotokana na jeli isiyo tasa. Pakiti tasa za matumizi ya mara moja zipo. Kama hospitali imenunua mashine na haijanunua pakiti hizo, hilo ni la kumwandikia mfamasia kabla hujampima mtu yeyote. Na jeli isipofutwa vizuri plasta haishiki, kanula inacheza, kesho iko kitandani.

Baada ya hatua za lazima, badala ya kujumlisha tiki jibu swali moja: alihitaji nini kutoka kwangu? Majibu ni matatu. Alihitaji mkono wangu, yaani nilishika probu au sindano. Alihitaji maneno yangu, “shuka kidogo, rudi nyuma.” Au alifanya peke yake huku mimi nimenyamaza. Mizani hii ni rahisi, na wapimaji wawili hukubaliana juu yake haraka kuliko juu ya “vizuri”, “vizuri sana” na “wastani”.

Mahali pa kupimia. George Miller, aliyekuwa mwalimu wa elimu ya udaktari nchini Marekani, aliandika mwaka 1990 juu ya ngazi nne ambazo bado tunazitumia: mtu anajua, anajua jinsi ya kufanya, anaonyesha anavyofanya, na mwisho anafanya kweli kazini. Mtihani wa kuandika unakupa ngazi mbili za chini. Kifaa cha mazoezi kinakupa ya tatu. Ya nne huipati mpaka uende wodini.

Kifaa cha mazoezi si lazima kiwe cha bei kubwa. Kidari cha kuku wa kisasa kilichopenyezewa puto jembamba lililojaa maji yaliyotiwa rangi nyekundu kinatoa picha nzuri, na gharama yake unaijua mwenyewe ukipita sokoni. Jeleti ngumu iliyogandishwa kwenye chombo cha plastiki nayo inafaa, ila iangalie kwa makini: kila sindano inayopita inaacha njia yenye hewa, na njia hiyo inang'aa kwenye skrini. Mtahiniwa wa sita anafuata mifereji ya wenzake watano na kuonekana bingwa. Geuza upande au badilisha kifaa baada ya kila watu wawili. Na ukumbuke kuku hana ateri inayodunda, hashtuki, wala mshipa wake haukimbii. Ndiyo maana jaribio la kifaa linamruhusu mtu kwenda kwa mgonjwa akiwa chini ya uangalizi, basi. Haliruhusu zaidi ya hapo.

Kwa wagonjwa wa kweli, ni wangapi wanatosha? Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2016 uliofuatilia mwenendo wa kujifunza kazi hii ulikadiria kwamba uwezekano wa kufaulu ulifika 70% baada ya majaribio 4, na ulihitaji majaribio kati ya 15 na 26 kufika 88%. Tazama ule mwachano. Kutoka asiyejua hadi anayeweza-weza ni safari fupi. Kutoka hapo hadi anayetegemewa ni ndefu mno, na hapo katikati ndipo watu wako 12 walipo sasa. Kwa hiyo siku mbili zenu hazikupotea, ila zimewafikisha kwenye sehemu ya hatari, ambapo mtu anafaulu mara nyingi kiasi cha kutosha kujiona amefika.

Badala ya kuhesabu watano mfululizo, mpe kila mmoja karatasi ya grafu. Amua kiwango unachokitaka, tuseme kufaulu 80%. Kila akifaulu mstari unashuka kwa 0.2, kila akikosa unapanda kwa 0.8. Mtu wa 80% mstari wake utatembea karibu tambarare. Aliye bora utashuka. Anayehangaika utapanda, na utauona ukipanda kabla hajafanya madhara mengi. Haumrudishi mtu mwanzo kwa kosa moja, wala haumpandishi kwa bahati ya wiki moja. Sheria za jaribio ziwe zile zile kwa wote: kila sindano inayopita kwenye ngozi ni jaribio, mwisho ni majaribio mawili kwa mgonjwa mmoja, na mgonjwa aambiwe mapema kwamba nesi anasimamiwa na kwamba ana haki ya kukataa.

Na kufaulu ni nini? Hapa ningependa uwe mkali kuliko fomu yako. Kanula imeingia, imesukumwa maji ya chumvi bila maumivu wala uvimbe, na kesho muda kama huu bado inafanya kazi. Hiyo kesho ndiyo inayosahaulika, na altrasaundi ina udhaifu wake hapo. Tuhesabu. Kanula ya pinki, geji 20, mara nyingi ina mrija wa takriban milimita 32. Vena ikiwa na kina cha sentimita 1 na sindano ikaingia kwa nyuzi 45, milimita 14 zinaishia njiani. Zinabaki 18 ndani ya mshipa, zaidi kidogo ya nusu. Vena ikiwa na kina cha sentimita 1.5, zinaishia njiani 21 na kubaki 11, yaani theluthi moja. Utafiti uliochapishwa 2018 ulikuta kwamba kanula zilizokuwa na chini ya 30% ya urefu wake ndani ya mshipa zote ziliharibika ndani ya saa 72, na zilizokuwa na 65% au zaidi hakuna iliyoharibika. Kwa kanula ya milimita 32 na pembe hiyo, ili kufika 65% vena isizidi kina cha milimita 8. Ya kijani ya milimita 45 inakupeleka mpaka kama 11. Urefu hutofautiana kwa watengenezaji, kwa hiyo soma paketi za stoo yenu, na umuulize mtahiniwa kabla hajafungua: “Hii itabaki na urefu gani ndani?” Asiye na jibu anabahatisha.

Kanula fupi kwenye vena iliyozama huchomoka mgonjwa anapokunja mkono, na dripu inaendelea kuingia nyamani chini kabisa ambako uvimbe hauonekani upesi. Kama ni maji ya chumvi, mtaondoa na kuomba radhi. Kama ni dawa inayochoma nyama, kama noradrenalini, kalsiamu au dekstrosi 50%, mnaweza kupoteza ngozi ya mkono. Ndiyo maana nasema daftari la kanula hizi liwe na safu ya saa 24, ijazwe na muuguzi wa zamu inayofuata, si yule aliyeiweka.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji mashine kabisa: kujua wakati wa kuiacha. Mpe mtahiniwa visa vitatu vya mdomo. Kijana mwenye mshipa unaoonekana mgongoni mwa kiganja: anayevuta mashine hapo amekosea. Mama ambaye mishipa haionekani wala haipapasiki, aliyewahi kudungwa mara nyingi: hapo ndipo mahali pake. Wauguzi wanaweza kusaidiwa na A-DIVA, kipimo cha Waholanzi ambacho toleo lake lililorekebishwa linaangalia mambo matano: historia ya kudungwa kwa shida, matarajio ya muuguzi mwenyewe, mshipa kutoonekana, kutopapasika, na wembamba wake. Kisa cha tatu kiwe mgonjwa wa figo ambaye bado hajaanza kusafishwa damu. Vena zake za mkono wa juu ni akiba ya fistula ya baadaye, yaani ateri na vena zinazounganishwa kwa ajili ya kusafishia damu. Muuguzi anayemwekea kanula safi kabisa kwenye vena ya basiliki, kwa ustadi wa kupigiwa makofi, amemwibia. Jibu sahihi ni kutafuta mgongoni mwa kiganja kwanza, au kumuuliza daktari kama dawa inaweza kupita kwa njia nyingine.

Nani apime? Mtaalamu wa mionzi anaijua picha kuliko sisi sote, lakini kama hajawahi kuweka kanula hii hajui mkono unavyohisi. Daktari wa dharura anayefanya kazi hii kila wiki anafaa, muuguzi aliyekwishaiva anafaa zaidi. Wawe wawili, na kabla ya kuanza wapime video moja kila mtu kivyake, walinganishe alama, wabishane, wakubaliane.

Kuna jambo ambalo halimo kwenye vitabu vya upimaji: muhali. Hawa mnakula nao chai, mnachangiana misiba na harusi, na wengine wamekutangulia kazini miaka 10. Kumwambia dada mkubwa kazini kwamba hajapita ni kazi nzito. Njia iliyonisaidia ni kurekodi kwa simu ya idara mikono na skrini tu, bila sura wala sauti, kwa idhini ya mgonjwa na ya muuguzi, kisha video zipewe namba na kupimwa na mtu wa zamu nyingine. Glavu hazina cheo.

Aliyeshindwa usimwandikie “ameshindwa.” Andika alipokwama: anapoteza ncha, au anaweka probu chini mapema, au anachagua vena vibaya. La kwanza linarekebishika kwa saa chache za kifaa cha mazoezi. La tatu kwa kukaa na wewe na kuangalia mikono ya wagonjwa kumi bila kumdunga hata mmoja.

Barua yako kwa uongozi iwe na makundi matatu: wanaofanya peke yao, wanaofanya mwenzao akiwa pembeni, na walio kwenye mazoezi. Usishangae kundi la kwanza likiwa na watu watatu au wanne tu kwa sasa, na usikubali kushinikizwa kuliongeza ili ratiba ya zamu ijae. Weka kila kundi na tarehe ya kupitiwa upya. Mimi hutumia miezi mitatu: asiyegusa mashine muda huo, iwe alikuwa likizo ya uzazi au mashine ilikuwa kwa fundi, anarudi kwenye swali la “ncha iko wapi” kabla ya kurudi kwa mgonjwa.